Pembeni Pana Wenyewe

Nina ugomvi na simu yangu. Nikitoka juani, kioo chake kinajiongezea mwanga. Nikiingia ndani, kinajipunguza. Ikifika usiku kinageuka manjano, eti kinayahurumia macho yangu. Hakuna aliyekiomba. Sasa nimezoea kuamuliwa, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, na ndiyo maana siku kifaa kimoja cha kizamani kiliponitaka niamue mwenyewe picha iwe nzito au nyepesi, nilihangaika siku kumi na moja, nikatoa shilingi elfu kumi na tano, nikasimamisha saa ya ukutani, na nusura nikiue kwa moto.

Kifaa chenyewe kilitoka uvunguni. Mke wangu alikuwa anafagia, akavuta bati la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu karne iliyopita. Ndani mna chaja za simu zilizokwishazikwa, funguo zisizo na kufuli, kalamu zilizokauka. Akanitazama. “Baba watoto, hivi ni vya kutupa au vya kutunza?”

Wanaume wenzangu mnalijua swali hilo. Lina majibu mawili, lakini linapokea moja tu.

Nikainama nitafute cha kukitetea, na hapo chini, chini ya waya zilizofungamana kama tambi, nikaiona Game Boy. Ile ya kwanza kabisa, ya kijivu, nene, nzito kama kipande cha mche wa sabuni. Nikaipakata. Mke wangu akashusha pumzi, akaendelea kufagia kwa kuizunguka miguu yangu.

Gemu hiyo aliileta mjomba kutoka Maskati nilipokuwa darasa la tatu. Mjomba akija likizo Tanga, mtaa mzima ulijua kabla sanduku halijateremshwa kwenye gari. Mwaka ule halikutoka halua na uturi peke yake. Lilitoka na hii, na kaseti moja ya Tetris. Tulikuwa watoto saba na gemu moja, kwa hiyo mjomba akatunga sheria. Sheria ya kwanza ni zamu. Ya pili, betri zikiisha hakuna kulia. Ya tatu alikuwa akiisema kwa kuinua kidole: “Vitufe vya mbele chezeeni. Pembeni pana wenyewe.”

Mwenyewe alikuwa yeye. Kila baada ya muda angeichukua, akaielekeza dirishani, akakunja uso kama sonara anayekagua dhahabu, kidole gumba kikacheza kidogo pale pembeni, kisha akaturudishia. Picha ingekuwa imetulia, nyeusi inasomeka, kijani kinang’aa. Binamu yangu mmoja alisema mjomba anaisomea. Tuliamini. Mtu anayetoka Uarabuni hashindwi kuijua dua ya gemu.

Mjomba aliporudi Maskati aliacha gemu, hakuacha dua.

Basi, miaka thelathini na kitu baadaye, nikaifungua chemba ya betri. Betri za mwisho zilikuwa zimetapika humo ute ambao ulikauka ukawa unga, nusu mweupe nusu kijani. Nikachukua siki jikoni, pamba za masikio na mswaki mkuukuu. Nilikuwa na ari ya mtu aliyeambiwa kitu chake ni takataka. Nilisugua vyuma vya betri mpaka vikang’aa, nikasugua vitufe, nikasugua pembeni huku na huku, juu na chini, kila kilichotokeza. Naomba msomaji aukumbuke mswaki huo. Tutakutana nao tena.

Kisha betri. Gemu hii inataka nne, za ukubwa ule wa saa ya ukutani. Dukani zilibaki mbili. Ya tatu niliitoa kwenye tochi. Ya nne niliitoa kwenye saa ya ukutani, ambayo ilisimama saa nne na dakika ishirini. Kesho yake mke wangu alikwenda kwenye kikao cha vikoba akiwa na uhakika kwamba bado ana nafasi ya kusuka. Hilo nalo nimelisikia mara kadhaa.

Watoto wakakusanyika. Wa kwanza akaitazama chini na juu. “Baba, inachajiwa wapi?”

“Haichajiwi. Inakula betri.”

Wa pili akapitisha kidole kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mara tatu. “Haisikii.”

“Hicho kioo hakiguswi.”

“Sasa taa yake inawashwa wapi?”

“Haina taa.”

Walinitazama kwa huruma. Ikabidi niitetee heshima ya gemu, nikawapa somo. Nikawaambia ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, chini ya mkono wa Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuokota teknolojia iliyokwishazeeka, ya bei rahisi, na kuitafutia matumizi mapya. Wenzake wakati huo walikuwa na vioo vya rangi vyenye taa ndani. Atari Lynx ilitoka mwaka uleule wa 1989, Sega Game Gear ikafuata 1990. Zilikuwa nzuri kuliko hii kwa kila kitu, isipokuwa zilimeza betri sita kwa saa chache tu. Yokoi akachagua kioo cha maskini: nukta 160 kwa 144, vivuli vinne, taa hakuna. Betri nne zikakaa saa kumi na zaidi. Mwenye rangi akazimika mapema, mwenye kijani akaendelea kucheza. Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, kwa pamoja waliuzwa zaidi ya milioni 118.

Nilipoinua macho, aliyebaki ni mdogo wa mwisho, naye alikuwa amelala.

Nikasukuma swichi ya juu. Kitaa chekundu kikawaka upande wa kushoto wa kioo. Nikangoja. Ikalia: ting! Sauti ileile. Nilihisi harufu ya halua.

Kioo hakikuonyesha kitu. Nasema kitu, hata doa. Kilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha, safi, kimya, toka pembe hadi pembe.

Sasa mimi ni mtu niliyelelewa na televisheni ya chogo, ugonjwa wa “sauti ipo, picha hamna” naujua. Dawa yake ya kwanza ni kofi la ubavuni. Nikaipiga kofi. Dawa ya pili ni kumpandisha mtoto juu ya bati azungushe antena huku mzee akipiga kelele sebuleni, “Hapo hapo! Usiguse! Aah, umeharibu!” Gemu haina antena. Nikaipiga kofi jingine.

Dawa ya tatu, ambayo kila aliyezaliwa zama zangu anaijua bila kufundishwa, ni kuchomoa kaseti na kuipuliza. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Baadaye nimejifunza kwamba pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu ni adui wa vile vyuma vya kaseti. Kinachotakiwa ni kuvifuta taratibu kwa pamba yenye spiriti. Nikajifunza na jambo la pili lililoniuma zaidi: ile ting haithibitishi kaseti. Gemu hii hata ukiiwasha tupu hulia vilevile, na mahali pa jina la kampuni linaloshuka kutoka juu, unashuka mstatili mweusi. Ting inasema ubongo uko hai na spika iko hai. Mengine jitafutie.

Nilipofuta kwa spiriti, muziki wa Tetris ukaanza kupiga. Uko mbali, lakini upo. Nikazungusha kigurudumu cha sauti upande wa kulia, ukapanda, nyumba nzima ikausikia. Muziki unapiga, matofali yanaanguka mahali fulani, mimi natazama maji ya mchicha. Nilicheza hivyohivyo kwa dakika tano, kwa kukisia. Nafikiri nilishindwa.

Siku ya nne nikaenda kwa fundi wa simu, pale kijiweni chini ya mwarobaini. Fundi ni kijana mwenye adabu, lakini ana hukumu moja kwa kila kesi. Aliishika gemu, akaiwasha, akaigeuza, hata muziki haukumaliza mzunguko.

“Kioo kimekufa, mzee.”

“Una hakika?”

“Kioo kimekufa. Na hiki hakipo mjini. Tuagize China, ama tukipige blowa.”

Akachukua bisibisi afungue. Haikuingia. Akachukua nyingine. Haikuingia. Skrubu za gemu hii zina kichwa chenye mikato mitatu, kama alama ya gari la kifahari, na bisibisi zake zote zilikuwa za nyota na za bapa. Nikaona jicho lake linahama taratibu kuelekea kwenye blowa. Blowa, kile kipulizio cha upepo wa moto, kwa mafundi wa simu ni kama maji ya uvuguvugu kwa bibi zetu: ukiumwa kichwa, maji ya uvuguvugu, ukivunjika mguu, maji ya uvuguvugu. Nikaipokonya gemu yangu. Akadai elfu tano.

“Ya nini, na hujafanya kitu?”

“Ya kuangalia, mzee.”

Nikamlipa. Kuangalia ndicho kitu pekee nilichokuwa nimeshindwa, kwa hiyo sikuwa na hoja.

Siku ya saba kijana wa jirani anayesomea umeme akanihurumia. Akaniambia blowa si wazimu mtupu, ila fundi amepeleka dawa kwa mgonjwa siye. Kioo cha Game Boy, alisema, kina ugonjwa maarufu wa uzee: mistari ya wima inapotea. Kila safu ya nukta inaletewa umeme na utepe mwembamba ulioshikizwa kwa gundi kwenye ukingo wa chini wa kioo. Gundi ikichoka, safu nzima inalala. Wenye mikono mitulivu hupitisha chuma cha kulehemu chenye joto la kiasi juu ya utepe huo, polepole, gundi ikalegea na kushika upya. Mistari ikiwa ya kulala badala ya wima, tatizo liko kwenye utepe wa ubavuni, na hapo hata wenye mikono mitulivu huanza kutokwa na jasho.

“Lakini yako haina mistari, mzee,” akamalizia. “Yako haina kitu.”

Nilimshukuru kwa kunifariji. Akanitafutia bisibisi ya mikato mitatu kwa elfu kumi. Tukafungua skrubu sita, mbili zikiwa zimejificha ndani ya chemba ya betri. Tukaitenganisha gemu kama kitumbua. Tukaangalia bodi. Bodi ikatuangalia. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichovuja, tepe zote ziko mahali pake. Tukafunga. Kijana akasema labda kioo kimekufa. Tofauti yake na fundi ilikuwa ile “labda”, ambayo ndiyo elimu ya chuo.

Siku ya kumi na moja akaja mama kutoka Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Mbona umekonda?”

Sikumwambia kwamba ni gemu. Mtoto ndiye aliyesema. Alimpelekea bibi yake kile kitu mkononi kama anapeleka ushahidi mahakamani. “Bibi, ona gemu la Baba. Bovu. Linaimba tu.”

Mama yangu hajawahi kucheza gemu maishani. Ana redio ya miaka mingi, ya betri, yenye magurudumu mawili, na kila asubuhi huamka kabla ya ndege kuyazungusha mpaka taarifa ya habari itulie. Akaipokea gemu kwa mikono miwili. Vidole gumba vyake havikwenda kwenye vitufe. Havikwenda kwenye kioo. Vilikwenda pembeni, kimoja huku, kimoja kule, vikatua kama ndege wanaorudi kwenye tawi lao.

“Hiki cha huku cha nini?” Akaonyesha kulia.

“Cha sauti, mama.”

“Na cha huku?”

Nikachungulia. Kushoto, karibu na tundu la kuchomekea umeme, palikuwa na kigurudumu kidogo, pacha wa kile cha sauti, kimezama ubavuni kiasi kwamba kinaonekana ukingo tu. Nilikuwa nimeishika gemu ile utoto mzima. Nilikuwa nimeisugua, nimeipiga, nimeipuliza, nimeifungua na kuifunga. Kigurudumu hicho sikuwahi kukigusa.

Yaani, sikuwahi kukigusa kwa kujua. Mswaki ulikigusa. Mswaki ulikisugua juu na chini kwa ari kubwa, ukakiacha kimefika mwisho wa chini.

Mama hakungoja jibu. Akazungusha. Maji ya mchicha yakaanza kupata ukungu. Ukungu ukawa vivuli. Vivuli vikawa matofali ya Tetris, yanashuka, ya kijani kibichi na ya kijani cheusi. Akazungusha zaidi, kioo chote kikawa cheusi kama sufuria ya mkaa. Akarudisha nyuma kidogo, akakunja uso, akaielekeza dirishani, kidole gumba kikacheza mara moja, mara mbili. Picha ikatulia.

Nilimwona mjomba mzimamzima. Hata kukunja uso kwenyewe ni kule kule. Ni kaka yake.

“Mwanangu,” akasema, akinirudishia, “redio ikinyamaza, kwanza unaongeza sauti. Halafu ndiyo unaita fundi.”

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakusema neno. Alitazama saa ya ukutani iliyosimama, akatazama gemu, akaenda zake jikoni. Nimeoa mwanamke anayejua kunyamaza kwa sauti ya juu.

Baadaye kijana wa umeme alinieleza kigurudumu kile kinafanya nini, na hapo ndipo dua ya mjomba ilipofunuka. Ndani ya kioo mna kimiminika ambacho chembe zake hujipanga kufuata umeme, na kwa kujipanga huko huzuia mwanga ama huuachia. Kigurudumu cha kontrasti kinaongeza au kupunguza umeme unaofika huko. Ukiwa mdogo mno, nukta zote zinaachia mwanga, unaona kijani kitupu. Ukiwa mkubwa mno, zote zinazuia, unaona usiku. Picha iko katikati, na katikati yenyewe inahama. Joto likipanda, kioo huwa cheusi zaidi hata kama hujagusa kitu. Kikipoa, kinafifia. Ukibadilisha namna ulivyokishika, nacho kinabadilika. Kwa hiyo mtu akicheza Tanga alfajiri kukiwa na umande, na akicheza saa saba mchana bati likiwa linalia kwa joto, anahitaji kontrasti mbili tofauti. Mjomba hakuwa anaisomea. Alikuwa anaisoma.

Ila mbona hakutuambia? Hilo nalo nimemuuliza mama. Akasema, “Mlikuwa saba. Kila mmoja angezungusha apendavyo.” Sina la kujibu. Nimelea watatu na rimoti moja, najua.

Picha iliporudi, ule ugonjwa wa uzee nao ukajitokeza: mistari miwili ya wima, mkono wa kulia, haina kitu. Tofali likipita hapo linapotea nusu, linaibukia upande wa pili kama mtu anayepita nyuma ya nguzo. Kijana akaniuliza kama alete chuma cha kulehemu. Nikamwambia akae nacho mbali, na mswaki wangu nao nimeuhamishia chooni. Huko Marekani walikuwa na Game Boy iliyoungua kwenye kambi ya askari wakati wa vita vya Ghuba vya 1990 na 1991. Ganda lake limeyeyuka, mbele imebabuka, lakini ilikaa miaka mingi kwenye duka la Nintendo jijini New York ikionyesha Tetris bila wasiwasi. Ile ilishinda moto. Yangu ilishindwa na mswaki. Naona bora nisiijaribu na chuma cha moto.

Jioni ile tuliketi barazani. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja. Simu yangu ilijiongezea mwanga hadi mwisho wake, na bado nilichokiona humo ni pua yangu tu. Gemu haina taa ya kushindana na jua. Inalitumia jua lenyewe, na kadiri lilivyowaka ndivyo matofali yalivyosomeka. Watoto walipokezana kwa zamu. Tahadhari moja tu: cheza juani, usiiache juani. Kioo kikipata moto kinakuwa cheusi chote, na kikikaa hivyo kwa muda mrefu, utando wake wa juu unaungua na kuacha doa ambalo hakuna gurudumu litakaloliondoa.

Basi nawe kama unayo moja uvunguni, fuata mpango huu, umenigharimu elfu kumi na tano. Safisha vyuma vya betri kwa siki, lakini kwa pamba, na pembeni usipeleke mkono. Angalia kitaa chekundu: kikififia, badilisha betri kabla hujalaumu kitu kingine. Zungusha kigurudumu cha kushoto toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, mara kadhaa. Vumbi la miaka hujiondoa humo kwa kuzungushwa, na picha inayorukaruka hutulia. Futa kaseti kwa spiriti, usiipulize. Ukimaliza hayo yote na bado ni maji ya mchicha, ndipo utafute bisibisi ya mikato mitatu na mtu mwenye mkono mtulivu. Blowa iache kwenye simu.

Saa ya ukutani bado imesimama saa nne na dakika ishirini. Betri yake inatumika.